Je, Ni Haki Kumpa Zaidi Yule Akuaye Upesi?

Msomaji afikiri juu ya mtu mmoja akaaye katika kijiji kilicho kando ya njia itokayo Likasi kuelekea Kambove. Mtu huyo si tajiri. Analima mahindi, mihogo na karanga. Ana kuku wachache na kondoo saba, kondoo wa nchi hii, wadogo wa mwili, wasio na sufu, wenye manyoya mafupi kama ya mbuzi. Mvua zilipokaribia kwisha, kondoo mmoja alimzalia pacha, dume na jike. Walizaliwa usiku mmoja, wakanyonya maziwa ya mama mmoja, wakalala juu ya majani yale yale. Lakini mwezi wa tatu ulipotimia, kila aliyepita kando ya zizi aliweza kuwatambua kwa mbali: dume alikuwa na kifua kipana na shingo nene, na jike alionekana kana kwamba alizaliwa nyuma yake kwa majuma mengi.

Ikafika kiangazi. Katika Katanga ya Juu mvua hainyeshi tangu mwezi wa tano hata mwezi wa tisa. Nyasi ndefu hukauka zikawa kama mabua, na moto wa wawindaji hupita ukila zilizobaki. Nyasi kavu hujaza tumbo, lakini haijengi mwili. Mtu huyo alikuwa ameweka mfuko mmoja wa mashudu, yaani makapi ya karanga yaliyokwisha kukamuliwa mafuta, na kwa hesabu yake aliweza kutoa kiganja kimoja tu kila jioni mpaka mvua zirudi. Akampe nani?

“Mama,” akamwambia mkewe, “nitampa dume. Huyu ndiye ajuaye kukitumia chakula. Tazama, kila anachokula chageuka nyama. Karibu na Noeli nitampeleka Likasi sokoni, na bei yake itamlipia kijana wetu karo ya sekondari. Jike na ale nyasi; yeye hana haraka.”

Mkewe akajibu: “Baba, maneno yako ni kweli. Lakini naona wewe wampa mkubwa kwa sababu ni mkubwa, naye azidi kuwa mkubwa kwa sababu anapewa. Tukiendelea hivyo, tutajuaje kipi alipewa na Mungu, na kipi alipewa na wewe?”

Mume akanyamaza, maana hakuwa na jibu tayari.

Swali la mama huyo si dogo, wala halijibiwi kwa kukisia. Yampasa mtu kujua kwanza jinsi mnyama anavyokua, ndipo aulize lililo haki. Mara nyingi watu husema, “Ndivyo alivyoumbwa,” nao hawajatazama bado jinsi alivyoumbwa.

Chini ya ubongo wa kondoo, kama chini ya ubongo wa binadamu, iko tezi ndogo isiyozidi sana punje ya haragwe. Tezi hiyo humwaga katika damu vitu ambavyo wenye elimu huviita homoni. Homoni ni kama mjumbe: hachukui mzigo, huchukua neno. Mojawapo ni homoni ya ukuaji. Mwaka 1921, huko California, Herbert Evans na Joseph Long waliwadunga panya maji yaliyotolewa katika tezi hiyo ya ng’ombe, na panya wale wakawa wakubwa kupita wenzao. Mwaka 1944 Choh Hao Li, mtu aliyezaliwa China, pamoja na Evans yule yule, waliitenga homoni yenyewe kutoka katika tezi za ng’ombe, ikawa safi.

Homoni hii haitiririki sawasawa mchana na usiku kama maji ya mto Lufira. Huja kwa mawimbi: hupanda, hushuka, hutulia, hupanda tena. Katika mwana-kondoo dume mawimbi hayo ni makubwa kuliko katika jike. Sababu yake ni korodani za dume, ambazo tangu akiwa tumboni mwa mama yake hutoa homoni ya kiume, nayo huutia mwili wake na ubongo wake alama ya udume. Wachungaji wameyajua haya kwa macho kabla ya wenye elimu kuyajua kwa vipimo: dume aliyehasiwa hukua polepole kuliko dume mzima, lakini kwa kawaida humpita jike. Basi yule mume hakusema uongo. Dume wake ana mjumbe mwenye sauti kubwa, naye mwenye zizi hakuizua tofauti hiyo, aliikuta.

Lakini mjumbe si chakula. Homoni ya ukuaji ikifika katika ini, ini nalo hutuma mjumbe wa pili, ambaye wataalamu humwita kwa herufi IGF-1, naye ndiye aendaye katika mifupa na misuli kuamuru ijengwe. Ini halitii kwa sababu tu limeitwa. Hutazama ghala kwanza. Mnyama akila vizuri, hasa chakula chenye protini kama karanga, kunde na majani mabichi, ini huitikia na mwili hukua. Mnyama akiwa na njaa hutokea jambo la kustaajabisha: homoni ya ukuaji haipungui katika damu yake, bali huongezeka. Tezi yaita, yazidi kuita, na ini limeziba masikio. IGF-1 hushuka na mifupa hairefuki. Mtu asiyejua akipima damu ya kondoo huyo aweza kusema, “Huyu ana homoni nyingi, atakuwa jitu.” Kumbe anadhoofika. Homoni ile ile sasa inafanya kazi nyingine: inayeyusha mafuta ya mwili wenyewe, ili mnyama apate kuishi hata kesho.

Mambo hayo hayo yameonekana katika watoto wa watu. Katika miaka ya 1960, huko Cape Town, waganga walipima damu ya watoto wenye ugonjwa wa kwashiorkor, wale ambao miguu yao huvimba na nywele zao hugeuka kuwa nyepesi na nyekundu. Wakakuta homoni ya ukuaji iko juu. Watoto wale walikuwa wakiitwa wakue kwa sauti iliyopita ile ya watoto wenye afya, nao hawakuwa na kitu cha kuitikia.

Tukirudi zizini, yafaa kuona neno moja linalofuata. Tofauti ya dume na jike huonekana sana mahali penye malisho mema. Malisho yakipungua, tofauti nayo hupungua, kwa maana dume mwenye njaa hawezi kukua kama dume. Sauti yake kubwa haimfai kitu. Kwa hiyo ule ukubwa ambao mume aliuona kuwa kipawa cha asili ulikuwa tayari umechanganyika na chakula. Tena pacha wanaponyonya, mwenye nguvu humsukuma mwenzake titini. Na chombo kinapowekwa chini, yeye ndiye atiaye kichwa kwanza. Kipawa chamletea fungu kubwa, fungu kubwa lamletea mwili, na mwili wasukuma tena. Asili na mgawo vimesokotana kama nyuzi za kamba moja, wala jicho haliwezi kuzitenga. Mama yule alisema kweli bila kwenda chuo kikuu.

Hapo pengine mtu atasema: basi, na wapewe sawasawa, kiganja kigawanywe katikati, shauri limekwisha. Lakini si rahisi hivyo, na watu wa Likasi wana mfano ulio chini ya miguu yao. Ardhi yao ina shaba na kobalti kwa wingi usioonekana katika nchi nyingi. Kondoo huhitaji vyote viwili. Huko Australia palikuwa na malisho ambapo kondoo walikonda na kufa katikati ya nyasi nyingi, na mwaka 1935 wataalamu walionyesha kwamba walikosa kobalti tu. Vijidudu vilivyo katika tumbo kubwa la kondoo hutumia kobalti kutengeneza vitamini B12, na kondoo mzima huhitaji kama sehemu moja ya kumi ya miligramu kwa siku, kitu kisichoonekana hata kikiwekwa kiganjani. Ndiyo kobalti ile ile ambayo katika Katanga huchukuliwa kwa malori.

Habari za shaba ni za kutisha zaidi. Mwana-kondoo ambaye mama yake alikosa shaba aweza kuzaliwa na miguu ya nyuma isiyomtii, akayumba kama mlevi. Lakini shaba ikizidi kidogo tu, ini la kondoo huiweka akiba kimya kimya, miezi kadhaa, na mnyama aonekana mzima. Halafu siku moja akiba ile hupasuka katika damu: macho huwa ya manjano, mkojo huwa mweusi-mwekundu, na katika siku chache amekufa. Ng’ombe hustahimili zaidi, na mbuzi pia. Mtu mwenye moyo wa usawa akinunua chumvi ya madini iliyotengenezwa kwa ajili ya ng’ombe, akawapa wanyama wake wote kipimo kimoja ili asimwonee hata mmoja, aweza kuwaua kondoo wake wote. (Na asiwapeleke kulisha mahali panapoangukiwa na moshi na vumbi la viwanda vya kuyeyushia madini, hata kama majani ya hapo ni mabichi. Wanadamu nao hawaachwi na vumbi hilo: mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven walitangaza kwamba walikuta kobalti nyingi mno katika mkojo wa watu wakaao karibu na migodi na viwanda vya Katanga.)

Haki, basi, si kumpa kila mmoja kipimo kile kile. Ni kumpa kila mmoja kinachompasa. Lakini kinachompasa hujulikanaje? Je, dume apewe zaidi kwa kuwa mwili wake waomba zaidi? Au jike apewe zaidi kwa kuwa amebaki nyuma?

Kabla ya kujibu, yampasa mtu kumjua jike pia, maana katika mazungumzo ya namna hii jike husahauliwa. Mume alisema, “Yeye hana haraka.” Hapo ndipo alipokosea. Ni kweli kwamba jike hukua polepole; lakini polepole yake ina saa zake. Jike hawi tayari kuchukua mimba kwa kuhesabiwa miezi tu. Mwili wake hungoja mpaka uzito ukaribie kama sehemu sita katika kumi za uzito wa kondoo mzima wa kabila lake. Huko Michigan, katika miaka ya 1980, mtaalamu Douglas Foster na wenzake waliwapa wana-kondoo majike chakula kidogo, cha kuwaweka hai tu, na majike hao wakabaki kama watoto, ingawa umri wa kupevuka umekwisha kupita. Walipolishwa vizuri, baada ya majuma machache tu wakapevuka. Katika nchi za baridi urefu wa mchana nao huamuru mambo haya. Lakini Likasi, ambapo mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka hupishana kwa muda wa kama saa moja na robo tu, ni chakula kinachosema zaidi.

Na si hayo tu. Kondoo huchukua mimba miezi mitano kasoro siku chache. Mtoto aliye tumboni hupata karibu theluthi mbili za uzito wake katika majuma sita ya mwisho. Jike aliyelishwa vibaya huzaa mtoto mwepesi, asiye na nguvu ya kusimama upesi na kulitafuta titi; na titi lenyewe lina maziwa machache ya kwanza, yale mazito ya manjano yenye kinga ya magonjwa, ambayo mtoto asipoyapata katika saa za kwanza hakuna dawa ya kuyafidia. Basi kiganja anachonyimwa jike katika mwezi wa saba wa mwaka huu chaweza kuonekana mwaka kesho katika mwana-kondoo aliyekufa kabla ya jua kuchomoza, na mwenye zizi atasema ni baridi iliyomwua.

Dume hula deni na kulilipa mbele ya macho ya watu: leo kiganja, kesho nyama. Jike hulipa baadaye, na mara nyingi hulipa kwa mkono wa mwingine. Ndiyo maana mtu mwenye haraka hampendi.

Siku hizi kuna wenye kusema kwamba shauri lote hili laweza kukatwa kwa sindano. Homoni ya ukuaji yaweza kutengenezwa na viwanda. Mwana-kondoo aliyeshiba akidungwa hujenga nyama zaidi na mafuta machache. Jambo hilo limejaribiwa na ni kweli. Lakini ni lazima adungwe mara kwa mara, kwa sababu homoni hiyo ikimezwa huyeyushwa tumboni kama chakula kingine. Na dawa yenyewe yataka kuwekwa mahali pa baridi. Mataifa hayakubaliani juu ya uhalali wa dawa za kukuza wanyama. Jumuiya ya Ulaya ilizikataza homoni za kunenepesha katika miaka ya 1980. Marekani huruhusu baadhi yake, hata kwa kondoo. Watu wenye elimu wamebishana sana juu ya usalama wa walaji, na mkulima wa Kambove hawezi kuyamaliza mabishano hayo. Lakini jambo moja aweza kulielewa kuliko wengi wao. Kondoo wake wa kiangazi tayari ana homoni nyingi katika damu, kuliko kondoo aliyeshiba. Kumdunga nyingine ni kuongeza sauti mlangoni pa ghala tupu.

Yakobo, alipokuwa akirudi kwao na kukutana na kaka yake Esau, alialikwa waende pamoja kwa mwendo wa watu mia nne wa Esau. Akakataa kwa adabu. Alisema kwamba watoto ni wachanga, na kondoo na ng’ombe wananyonyesha, na wakiharakishwa siku moja tu kundi lote litakufa. Yeye atakwenda polepole, kwa mwendo wa mifugo na wa watoto. Mtu huyo alikuwa ametajirika kwa kondoo, aliijua kazi yake. Yafaa kuona kwamba hakumwomba Mungu aiongeze mbio miguu ya watoto. Aliupunguza mwendo wake mwenyewe.

Lakini mtu mwenye akili aweza kupinga hivi: kondoo si mtu. Dume yule atachinjwa, na jike atachinjwa pia akizeeka. Je, mtu aweza kumdhulumu mnyama ambaye amepewa kumla? Jibu la mafundisho ya Kanisa ni kwamba mnyama si sawa na mtu, na mtu ana ruhusa ya kumtumia kwa chakula na kwa kazi. Lakini si halali kumtesa bila sababu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alieleza kwamba mwenye kuzoea ukatili kwa wanyama aweza kuuhamishia kwa watu. Hapo watu wengi husimama, wakidhani kwamba ukatili ni fimbo tu na kisu. Hawafikiri kwamba kugawa chakula nako ni mazoea, na mkono unaojifunza kugawa zizini ni mkono ule ule unaogawa nyumbani.

Maana ile hesabu ya mume, yaani mpe anayelipa upesi, anayebaki nyuma na angoje, haikai zizini peke yake. Katika nyumba nyingi baba na mwana hula kwanza. Bukari ikiwekwa pamoja na samaki wakavu wa ziwa Tshangalele, samaki huwaendea wanaume. Mama na binti hula jikoni sombe iliyobaki na mchuzi. Ukiuliza sababu, utaambiwa: mvulana anakua, mvulana ana kazi, mvulana ana njaa. Na binti? “Yeye ni mdogo wa mwili, hahitaji sana.” Ni mdogo wa mwili! Kama vile udogo wake ulishuka mbinguni tayari umepimwa, wala haukupita katika sahani.

Lazima kusema kweli yote hapa, hata kama yaleta taabu katika shauri. Uchunguzi wa afya uliofanywa katika Kongo mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wasiotimiza miaka mitano, 43 walikuwa wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Na katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, wavulana wadogo ndio wanaodumaa zaidi kidogo kuliko wasichana. Mwili wa kiume waomba zaidi, nao ukikosa huumia upesi. Basi yule anayesema kwamba mvulana ana njaa hasemi uongo, kama vile mume wa Kambove hakusema uongo juu ya dume. Mvulana mchanga apewe, na apewe vya kutosha. Kosa haliko katika kumlisha mvulana. Liko katika kuuchukua wito wa mwili mmoja kama sheria ya nyumba nzima, na kuuchukua ukimya wa mwili mwingine kama ushahidi kwamba hauhitaji kitu. Binti aliyedumaa atabeba mimba katika mwili mdogo. Mtoto wake aweza kuzaliwa mwepesi. Na mtoto huyo mara nyingine ni mvulana, yule yule ambaye kila mtu atataka akue upesi.

Kwa hiyo neno la kwamba asili imewatofautisha ni kweli, lakini halimwondolei mgawaji mzigo wake. Asili haina mfuko wa mashudu. Asili haisimami jioni mbele ya zizi ikiwa na kiganja kimoja na midomo miwili ikimtazama. Anayesimama pale ni mtu, na mtu ndiye atakayeulizwa. Aweza kuiongeza tofauti aliyoikuta, aweza kuipunguza. Jambo moja tu haliwezekani kwake, nalo ni kusema kwamba hakufanya kitu.

Nathani, alipomwendea mfalme Daudi kumkemea, alimsimulia habari za maskini mmoja aliyekuwa na mwana-kondoo jike mmoja tu, mdogo, aliyekula katika tonge lake na kunywa katika kikombe chake. Mwenye mali, ambaye alikuwa na makundi makubwa, hakuhitaji kitu kutoka kwa mwana-kondoo huyo, ila tu ilikuwa rahisi kwake kumchukua. Wengi hukumbuka hasira ya Daudi. Wachache hukumbuka sahani ya yule maskini, jinsi ilivyokuwa ndogo, na kwamba hata hivyo jike yule alipata fungu lake ndani yake.

Yule mume na mkewe walizungumza tena siku ya tatu. Mume alisema, “Mama, nikimpunguzia dume, hatafika Noeli na uzito ninaoutaka. Karo ya kijana nitaitoa wapi? Je, nimnyime mtoto wetu nimpe kondoo?” Neno hilo lilikuwa zito, na mama hakulipuuza. Walihesabu pamoja, wakakaa muda mrefu. Mwisho walikubaliana kumuuza dume mapema, mwezi wa nane, angali na mwili alioupata wakati wa nyasi mabichi, kuliko kumlisha mashudu yote ili afike mwezi wa kumi na mbili. Bei haikuwa ile ya Noeli. Ilipungua, na pengo likazibwa kwa kuku watatu, ambao mmoja wao alikuwa akitaga vizuri. Mume aliona uchungu juu ya kuku yule, wala hakuuficha.

Mpaka siku ya kuuzwa, kiganja kiligawanywa. Mume alijenga kwa fito kizizi kidogo chenye mlango mwembamba, jike akaingizwa humo peke yake jioni, apate kula bila kusukumwa. Dume akapewa fungu lake nje, pamoja na majani ya matembele yaliyobaki bondeni, mahali penye maji. Alilalamika sana kwa sauti yake nene. Jike hakulalamika, alikula haraka haraka, akigeuka nyuma mara kwa mara, kama mnyama asiyeamini bado.

Juma moja baada ya dume kwenda sokoni, baba alikuwa ameketi na kijana wake mbele ya bukari. Samaki walikuwa wawili. Akamtazama binti aliyekuwa amesimama karibu na moto na mama yake, binti wa miaka kumi na miwili ambaye watu wa kijiji humdhania wa miaka tisa. Akahesabu kitu moyoni mwake, polepole, kama mtu ahesabuye mifuko.

“Mama wa watoto,” akaita, “njoo na binti yako. Na alete kigoda chake.”

Binti akasita, akamtazama mama yake. Halafu akakichukua kigoda.